Kwa nini filimbi zako za kompyuta hazitoki kama za Mellotron

Wateja wetu wana tabia moja: anaingia studio, anatoa simu, ananisikilizisha zile filimbi za Mellotron za mwanzo wa "Strawberry Fields Forever" ya The Beatles. "Prodyuza, nataka hizi." Kumbe programu yenye sauti hiyo anayo tayari, ameipiga nyumbani, imetoka kavu.

Programu haina kosa. Ni kwamba Mellotron, iliyoanza kuundwa Birmingham, Uingereza, mwaka 1963, ni kinanda cha tepe. Kila kibonye kina utepe wake wa sumaku, kama wa kaseti ila mpana zaidi, na juu yake imerekodiwa noti hiyo moja tu. Modeli ya M400 ya mwaka 1970 ina vibonye 35, basi na tepe ni 35. Ukibonyeza, utepe unabanwa kwenye kichwa cha kusomea na kuanza kuvutwa. Ukiachia, springi inaurudisha. Ukibonyeza nusunusu, sauti inalegea. Ukishikilia, sekunde kama nane hivi utepe unaisha, kimya.

Hapo ndipo penye utamu. Mpigaji hawezi kulalia kodi moja (noti kadhaa zinazopigwa pamoja). Lazima vidole vihame kabla utepe haujaisha. Na kwa kuwa kila noti ilirekodiwa peke yake, hii inatangulia kidogo, ile inayumba, jirani yake ina pumzi nzito.

Sampuli ya kidijitali, yaani sauti iliyorekodiwa ya kupigwa kwa kompyuta, hailazimiki. Kipande kifupi kinawekwa lupu, yaani kinajirudia bila kukoma, unashika kodi mpaka chai ipoe. Kwenye vinanda vya bei rahisi noti moja hupandishwa na kushushwa ihudumie vibonye kadhaa, ndiyo maana zote zinasikika kama mtu yuleyule aliyebadilishiwa shati.

Kwa hiyo ukituletea kazi ya namna hii, tunatumia sampuli zilizochukuliwa kibonye kwa kibonye, tunazima lupu, na noti tunaziacha zilipoangukia, hatuzinyooshi kwenye gridi, ile mistari ya mapigo ya kompyuta. Kodi yako ikizidi sekunde nane tutaipiga upya katikati. Usishtuke, ndivyo inavyotakiwa.

Wanaouliza lini tutanunua Mellotron yenyewe: M400 ina zaidi ya kilo 50, sisi tuko ghorofa ya tatu, na lifti mnaijua.