Hamadi, usichomeke hedifoni kwenye hiyo amplifaya

Temeke, Dar es Salaam
Jumatano usiku

Ndugu yangu Hamadi,

Assalaam alaykum. Natumai u mzima, shemeji mzima, na huyo mgeni wenu mdogo ananyonya vizuri. Sisi huku hatujambo, mama anakusalimu sana na anauliza jina la mtoto. Mengine ya nyumbani nitakueleza mbele, maana nimekaa kuandika kwa haraka. Ujumbe wako umenifikia leo jioni kupitia kwa Bakari, na tangu niusikie sijatulia.

Bakari kaniambia hivi: umepata amplifaya ya gitaa, Fender Blues Junior ya mkono wa pili, furaha haisemeki, lakini majirani wa hapo Michenzani wameshaanza kugonga ukuta na mtoto anashtuka usingizini. Kwa hiyo unataka nikutafutie Kariakoo ile pini ya kubadilishia, ndogo kuwa kubwa, uchomoe spika kule nyuma, uchomeke hedifoni pale pale na upige usiku kimya kimya. Pini zipo, za kila aina, na si ghali. Sikununua. Na kama umeshaipata kwingine, nakuomba kwa urafiki wetu usiitumie hapo mpaka umalize kusoma barua hii.

Tundu la spika la amplifaya ya valvu, yaani zile chupa za kioo zinazowaka ndani na kukuza sauti, si tundu la hedifoni, hata kama pini inaingia sawasawa. Kuingia itaingia, maana zote ni za milimita 6.35, na hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika. Amplifaya yako ina valvu tatu ndogo za 12AX7 mbele, halafu mbili za EL84 ndizo zinazosukuma sauti. Hizo EL84 zinafanya kazi kwenye umeme wa zaidi ya volti 300. Spika haiwezi kupewa umeme wa namna hiyo, kwa hiyo katikati pamewekwa transfoma ya kutolea sauti, inayogeuza volti nyingi zenye mkondo mdogo kuwa volti chache zenye mkondo mkubwa. Aliyeitengeneza alipiga hesabu zake akijua kuwa upande wa pili kuna spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha kiasi spika inavyouzuia umeme). Ukiuondoa mzigo huo huku unapiga gitaa, nguvu iliyojaa ndani ya transfoma inakosa pa kwenda. Inarudi ilikotoka, volti zinaruka kupita kiasi, cheche zinakatiza kwenye soketi za valvu au ndani ya transfoma yenyewe, na ile varnishi inayotenganisha nyuzi za shaba inaungua. Hapo tena ni kutafuta transfoma nyingine, na unajua kuipata huku kwetu ni shughuli.

Unaikumbuka amplifaya ya bendi ya mjomba, ile iliyokufa kwenye harusi ya Magomeni? Wengi walisema ni umeme wa pale ukumbini. Haukuwa umeme. Mtu alikanyaga waya wa spika ukachomoka, mpiga solo akasikia sauti imepotea, akazungusha volumu mpaka mwisho akidhani waya wa gitaa ndio mbovu. Nilikuwa nimesimama karibu, niliona mwanga wa buluu ukiruka chini ya valvu moja, kisha harufu. Harufu ile ya varnishi iliyoungua ukiinusa mara moja huisahau.

Sisi tumelelewa na amplifaya za transista, ndiyo maana jambo hili linatupita. Ya transista ukichomoa spika inanyamaza tu, haidhuriki. Yenyewe inaogopa nyaya za spika kugusana. Ya valvu hofu yake kubwa ni kukosa mzigo. Mazoea ya moja ukiyapeleka kwenye nyingine, unaua.

Sasa najua utasema: hedifoni nayo si ni spika ndogo, si ni mzigo pia? Ni mzigo, lakini mzigo gani, Hamadi? Nyingi za kawaida ni omu 32, za studio unakuta 80 hata 250, wakati transfoma inasubiri 8. Na koili iliyomo ndani ni nyembamba kama unywele. Miliwati moja, yaani sehemu moja ya elfu ya wati, inatosha hedifoni nyingi kutoa sauti ya karibu desibeli 100, kipimo cha ukubwa wa sauti. Amplifaya yako inaweza kutoa wati 15. Ukizipiga nyuzi za gitaa kwa nguvu mara moja tu, koili imekatika, na ikikatika transfoma imebaki bila mzigo kabisa, tumerudi kule kule kwenye cheche. Na kabla ya kukatika, yote hayo yanakuwa yameshapita kwenye sikio lako. Tena sikio moja, kwa sababu pini ya hedifoni ni ya stirio na tundu la spika ni la mono, upande wa pili ungebaki kimya.

Transfoma inanunulika, hata kama ni kwa taabu. Sikio je? Hapo ndipo roho yangu ilipo zaidi. Yule Pete Townshend wa The Who, ambaye kila mtu anadhani masikio yake yaliharibiwa na makelele ya jukwaani, mwenyewe alizilaumu hedifoni za studio. NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulikia afya kazini, kipimo chao ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda unakatwa nusu. Zikifika 100 una dakika 15 tu. Nani kati yetu aliwahi kushika gitaa kwa dakika 15 akaridhika? Na hedifoni zina tabia ya kukuvuta. Sikio likichoka unaona sauti imepungua, unaongeza kidogo, tena kidogo, na hakuna jirani wa kugonga ukuta kukuambia basi. Kwa hiyo hata ukipata kifaa cha halali, weka volumu sifuri kwanza, washa, ndipo uvae, ndipo upandishe taratibu. Ukivua ukasikia mlio ndani ya kichwa, kesho yake pumzika kabisa.

Lakini sikuandika ili nikunyime gitaa usiku. Njia zipo, nimezifikiria nikiwa njiani kurudi nyumbani.

Njia yenyewe hasa ni boksi la mzigo. Linakaa mahali pa spika: unachomoa spika, waya unaingia kwenye boksi, na boksi linameza zile wati zote kama vile spika ipo. Transfoma haijui tofauti. Kisha boksi linatoa sauti ndogo iliyopoa, salama kwa hedifoni. Two Notes wana moja linaloitwa Torpedo Captor X, lina tundu lake la hedifoni, na ndani linaiga sauti ya kabati la spika, yaani lile sanduku la mbao lenye spika. Kuwa makini hapo: wana pia Captor bila hiyo X, ambayo ni bei nafuu lakini haina pa kuchomeka hedifoni, inataka upitie kwenye kifaa kingine, kama kadi ya sauti na kompyuta. Muuzaji asikuchanganye. Na hiyo kazi ya kuiga kabati si mapambo. Spika ya gitaa ya inchi 12 inazikata zile sauti kali kuanzia kama hetsi 5,000 (kipimo cha wembamba wa sauti) kwenda juu, na masikio yetu yamezoea hivyo. Ukiisikiliza amplifaya bila hilo, inakwaruza mpaka unaichukia, unadhani umeuziwa mbovu.

Ukinunua, liwe la omu 8 kama spika unayoichomoa, na uwezo wake uzidi wati 15 kwa mbali. Amplifaya iliyoandikwa 15 ikisukumwa mpaka sauti inapasuka inaweza kukaribia mara mbili ya hapo. Hiyo Captor X inabeba 100, huna wasiwasi.

Waya nao. Hapa nakusihi, maana najua unavyopenda kuokota waya wowote ulio karibu. Kutoka amplifaya kwenda kwenye boksi tumia waya wa spika, si waya wa gitaa. Kwa nje vinafanana, pini zile zile, lakini wa gitaa uzi wake wa katikati ni mwembamba, unaweza kupata moto na kukatika, na ukikatika ni sawa na kuchomoa spika. Ubadilishaji wote ufanye amplifaya ikiwa imezimwa. Hiyo Blues Junior haina swichi ya kusubiri (standby) kama zile kubwa, ni kuwasha na kuzima tu, kwa hiyo zima, vuta pumzi, kisha gusa. Valvu zinaunguza vidole hata baada ya kuzimwa. Na usiifungue ndani. Kapasita zinahifadhi umeme hata ukishachomoa ukutani, na umeme ule unaua mtu. Najua mkono wako na bisibisi, Hamadi, safari hii uuzuie.

Shemeji wako fundi wa redio atakwambia mbona rezista kubwa ya omu 8 inatosha. Kuilinda transfoma, kweli italinda kama ni ya wati za kutosha, na itatoa joto la kutosha kukuunguza. Lakini haikupi pa kusikilizia. Asije akakuunganishia hedifoni juu ya hiyo rezista, hapo bado unapokea nguvu ile ile ya amplifaya.

Bei ya hilo boksi inauma, sikufichi, usishangae ukikuta imepita uliyonunulia amplifaya yenyewe. Kwa hiyo wakati unajipanga, nimefikiria kile kidude cha Vox, amPlug. Kinachomekwa moja kwa moja kwenye gitaa, kinatumia betri mbili ndogo za AAA, hedifoni unachomeka hapo hapo. Amplifaya haihusiki kabisa, ipumzike na spika yake ikiwa imechomekwa. Sauti si ya valvu, usitegemee miujiza, ila kwa mazoezi ya vidole saa sita za usiku kinatosha. Mchana majirani wakiwa kazini ndipo uwashe valvu, spika ikiwepo, volumu chini.

Jambo jingine dogo: hedifoni zilizo wazi nyuma zinavuja sauti kidogo lakini utamsikia mtoto akilia. Zilizofungwa zinakufungia dunia nzima. Usimwachie shemeji usiku kucha peke yake eti ulikuwa hukusikia, nitamuunga mkono yeye.

Huku kwetu mazoezi yamelala tangu mpiga besi ahamie Morogoro. Nyuzi za gitaa zimepanda bei tena, seti moja sasa unafikiria mara mbili. Mzee Shaabani amelazwa kisha katoka, anaendelea vizuri, anasema akipata nafuu kamili anataka tumpigie zile nyimbo zake za zamani nyumbani kwake, na sehemu ya solo anakutaka wewe, hataki mwingine. Habari ya Kassim na lile gari, hiyo… tukionana.

Nirudi kwenye amplifaya, maana kuna kitu Bakari hakuweza kunijibu na ndicho kinachonikosesha usingizi. Nyuma yake pana kibao cha volti. Kinasema 230 au 120? Kama ililetwa kutoka Marekani na mtu aliyekuwa huko, inaweza kuwa ya 120, na hiyo ukiichomeka ukutani Unguja inaungua kabla hata hujafika kwenye habari ya hedifoni. Itataka transfoma ya kushusha umeme. Pini yake ya ukutani ina mguu wa tatu, ule wa ethi unaopeleka umeme uliovuja ardhini, au kuna mtu ameukata? Maana bila ethi siku kitu kikilegea ndani, umeme unakuja kwenye nyuzi za gitaa, na wewe unaimba midomo ikiwa kwenye maiki. Spika iliyomo ni ile ya asili, au ilibadilishwa? Imeandikwa omu ngapi nyuma ya sumaku? Aliyekuuzia aliiwasha mbele yako, na ulisikia muungurumo wowote? Umeshajaribu kuiwasha bila spika hata mara moja, hata kwa sekunde? Niambie ukweli, sitagomba, nataka tu nijue kama iangaliwe na fundi kwanza.

Na hedifoni zako ni zipi, zile nyeusi ulizokuwa nazo Tanga, au mpya? Je, una uwezo wa kuchangia sasa hivi, au tuanze na hicho kidude cha Vox? Dada Asha anakuja kutoka Muscat mwisho wa mwezi na amesema ana nafasi kwenye begi, lakini anataka kujua mapema. Bakari anapanda boti tena Jumamosi asubuhi. Nipe majibu kabla ya hapo, na unipigie picha ya kibao hicho cha nyuma.

Msalimie sana shemeji, na umbusu mtoto kwa niaba yetu.

Ndugu yako,
Mussa