Pikipiki ya kwanza si ya kuringia

Mhariri, naomba kanafasi kadogo kwenye ukurasa wa barua. Nikizidisha maneno kata tu, ila usikate pale kwenye miguu maana hapo ndo penye hoja yenyewe.

Kuna msomaji mwenzetu aliandika hapa juzi akiwashauri wanaoanza kuendesha pikipiki wanunue kubwa moja kwa moja, eti ndogo utaichoka ndani ya miezi michache alafu uingie hasara ya kuuza na kununua tena. Kaandika vizuri na najua wengi wamemkubali, hata mpwa wangu kaipiga picha ile barua kamtumia baba yake kama ushahidi. Sasa mie namjibu kwa heshima zote, kwa sababu ushauri huohuo nilipewa mimi miaka hiyo, nikaufuata, na kovu ninalo.

Ya kwangu ya kwanza ilikuwa ya injini ya CC 600, silinda nne, zile za kuinamia kama unalala juu ya tangi, nyekundu, na aliyeniuzia aliniambia we endesha taratibu tu, mkono si ni wako? Maneno matamu hayo. Pikipiki za aina ile zina nguvu za farasi zaidi ya 100 na gia namba moja peke yake inapita kilomita 100 kwa saa, yaani ile gia ya kuondokea tu nyumbani. Lakini sikuanguka kwa spidi. Nilianguka karibu nimesimama kabisa. Nimeingia kuweka mafuta, nimejaza tangi, nageuza polepole nitoke, usukani nimeukunja wote kulia, mtu akakatiza mbele yangu nikashika breki ya mbele. Basi. Ukiikamata breki ya mbele usukani ukiwa umekunjwa pikipiki haisimami, inalala, na inalala upande uleule uliokunjia, na mguu nilioshusha ulifika chini kwa ncha za vidole maana siti ilikuwa juu, afu hapo chini pana changarawe. Karibu kilo 200. Niliizuia sekunde moja kama mtu anayezuia ukuta usianguke, ikanishinda, ikaja na mimi, na shavu la mguu likabaki limebanwa kwenye eksozi. Hiyo harufu siielezei gazetini.

Watu watatu ndo waliiinua. Mkono wa breki umekatika, indiketa imekufa, plastiki za ubavuni zimepasuka, na bei ya zile plastiki ilinifanya niiache pikipiki ndani miezi miwili. Hapo sasa ndo naomba tutulie kidogo, manake mwenzetu anapiga hesabu ya hasara ya kuuza ndogo ila hapigi hesabu ya hasara ya kuangusha kubwa. Na utaiangusha, tusidanganyane, karibu kila mtu anaangusha ile ya kwanza, na mara nyingi ni kwa ujinga mdogo tu, kusahau stendi, kuachia klachi vibaya ikazima kwenye kamlima, kuteleza wakati unaisukuma kuipaki. Ndogo ya kilo 110 isiyo na maplastiki ukiiangusha unatazama kulia na kushoto kama kuna aliyekuona, unageuka mgongo, unaweka makalio kwenye siti, unakunja magoti unaisukuma kwa miguu inanyanyuka, unaondoka. Na kesho unaendesha tena. Kujifunza ni kurudi barabarani kila siku, sasa kama kila kosa linakulaza miezi miwili utajifunza lini?

Ndo maana nasema pikipiki ya kwanza ichaguliwe kwa miguu sio kwa macho. Mtu akienda kuangalia anazunguka, anapiga teke tairi, anauliza ina CC ngapi, anapiga picha. Mie nasema panda. Injini imezimwa, toa stendi, kaa wima uone miguu yote miwili inafikaje, kama nyayo zinalala chini zote raha, kama ni nusu ya mbele ya unyayo sawa tu, ila kama ni vidole kama mcheza dansi achana nayo kwa sasa hata kama roho inauma. Alafu ukiwa umekaa hapohapo irudishe nyuma kwa miguu hatua kumi. Kisha ilaze kidogo upande mmoja, polepole, mpaka usikie pale uzito unapoanza kukuvuta, uirudishe, upande wa pili vilevile. Pale unaposikia kuvutwa ndo utakutana napo kwenye kila taa nyekundu na kila mahali pa kugeuza. Kama unaogopa hapo kwa muuzaji ambapo pametulia, barabarani nyuma una lori linapiga honi itakuwaje?

Na urefu wa siti haufuati ukubwa wa injini, watu wengi hawalijui hili. Honda Rebel 500 siti yake iko milimita 690 tu kutoka chini wakati pikipiki nyingi za njia mbovu zenye injini ndogo kuliko hiyo zinapita 850, kwa hiyo mtu mfupi asiambiwe tu chukua ndogo, aambiwe panda uone.

Hizo CC nazo. Mpwa wangu kila picha anayonitumia swali ni hilo hilo, mjomba hii ina CC ngapi, kama vile CC ndo cheo. CC ni ujazo wa silinda tu, haikwambii injini imetengenezwa ifanye nini. Chukua Royal Enfield Classic 350 na ile KTM 390 Duke ya injini ya CC 373, kwa namba ni kama mapacha, lakini ya kwanza ina farasi kama 20 na inazidi kilo 190, inavuta taratibu kama punda mwenye akili, ya pili ina farasi zaidi ya 40 na ni nyepesi kabisa, ukiifungulia mafuta vibaya inakutoka mapajani. Kwa hiyo uliza nguvu, uliza uzito, afu uangalie moja ikilinganishwa na nyingine. Ulaya wameliweka hili kwenye leseni kabisa, ngazi ya kwanza mwisho CC 125 na nguvu kilowati 11, inayofuata mwisho kilowati 35 na wanapima mpaka nguvu kwa kila kilo, maana yake kuna watu walikaa wakaona CC peke yake haitoshi.

Kwangu mie mtu anayeanza 125 mpaka 150 inamtosha, mwenye mwili mkubwa au mwenye safari ndefu aende 250 au 300 iliyo pole, asizidi hapo. Najua watacheka. Eti ya watoto. Honda Super Cub imeanza kutengenezwa 1958 na kufika 2017 zilikuwa zimetoka zaidi ya milioni 100, hakuna chombo cha injini kilichowahi kutengenezwa kwa wingi hivyo, sasa kama hao wote ni watoto basi dunia inaendeshwa na watoto.

Kuna jambo moja mwenzetu hakuligusa na mie ndo limenikaa zaidi. Marekani walifanya uchunguzi mkubwa wa ajali za pikipiki, ripoti ikatoka 1981, wengi wanaiita Ripoti ya Hurt kwa jina la Harry Hurt aliyeiongoza, walikwenda wenyewe kwenye eneo la ajali 900 huko Los Angeles wakapima kila kitu. Waliyoyakuta, zaidi ya tisa kwa kila kumi ya waliopata ajali walikuwa wamejifunza wenyewe au kwa ndugu na marafiki. Na tangu hatari inapoonekana mpaka kugongana, kwa kawaida mwendeshaji anakuwa na muda usiofika sekunde mbili. Sekunde mbili! Hapo hakuna kufikiri, ni mikono na miguu inafanya ilichozoea, na wengi walichozoea ni kukanyaga breki ya nyuma mpaka tairi linafunga huku ya mbele, yenye kazi kubwa, hawaishiki vya kutosha. Alafu hili sasa, zaidi ya nusu yao walikuwa na chini ya miezi mitano kwenye pikipiki ile waliyopata nayo ajali, japo wengi walikuwa na miaka barabarani.

Mtu mjanja ataniambia enhe, umejifunga mwenyewe, kama kubadilisha pikipiki ndo hatari si bora ninunue kubwa nikae nayo? Nimelifikiria. Ila angalia, kile unachokihitaji kwenye zile sekunde mbili, kuminya breki ya mbele kwa kuikaza polepole badala ya kuikwapua, kutazama pale unapotaka kwenda sio pale unapoogopa, unakijenga kwa kukirudia mara elfu kwenye pikipiki inayokusamehe, na ukihamia nyingine mikono inahama nacho. Kwenye kubwa hukirudii mara elfu kwa sababu unaiogopa, au huiogopi na hapo ndo balaa. Na siku ukihamia kubwa, ile miezi mitano ya mwanzo jione mwanafunzi tena, hata kama una miaka kumi.

Ukipata yenye ABS, ule mfumo wa breki usioacha tairi lifunge, ndani ya uwezo wako chukua, hiyo sina maneno mengi, inakusaidia kosa lile lile la kufunga tairi. Ulaya tangu 2016 aina mpya za zaidi ya CC 125 ni lazima.

Mtumba sasa, maana wengi wa kwanza tunanunua mtumba, na ni sawa kabisa, itaanguka tu. Kitu cha kwanza kabla hujasalimiana vizuri na muuzaji, weka mkono kwenye injini. Iwe ya baridi. Kama ina joto ameshaiwasha akaipasha kwa sababu asubuhi haiwaki, au ikiwaka inatoa moshi hataki uuone. Moshi wa bluu ni oili inaungua, ringi au sili za valvu zimechoka, ondoka zako. Shika cheni pale nyuma ya sproketi, lile gurudumu la meno la nyuma, uivute kuelekea nyuma, ikiachana mpaka unaona nusu ya jino, cheni imekwisha, na meno yenyewe yakiwa yamelala upande mmoja kama ya msumeno basi ni seti nzima ya kubadilisha. Pitisha kidole kwenye bomba za shokapu za mbele, ukikuta duara la oili sili zimekufa. Simamisha na stendi ya kati gurudumu la mbele liwe hewani, zungusha usukani taratibu, kama unakwama kidogo katikati kama unaingia kwenye kijishimo, beringi za shingo hizo zimekwisha. Ncha za mikono ya klachi na breki zikiwa zimesagika imeshalala hiyo, sio kosa, ila muulize na usikilize anavyojibu. Tairi litazame ubavuni kuna namba nne mwishoni mwa maandishi ya DOT, 2319 maana yake wiki ya 23 mwaka 2019, mpira una umri wake hata kama mistari yake bado ina kina. Na namba ya chesisi uisome mwenyewe kwenye chuma, usimame palepale uilinganishe na kadi, usisomewe.

Nimesahau kofia. Watu wanamaliza hela yote kwenye pikipiki afu kofia wanaazima. Tenga ya kofia kwanza, kinachobaki ndo cha pikipiki. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi uliotoka 2008 ulikuta kofia inapunguza uwezekano wa kufa kwa takribani asilimia 42 na kuumia kichwa kwa asilimia 69. Ila iwe inakubana mashavu mpaka unaongea kama umejaza chakula mdomoni, funga mkanda afu mwambie mtu aisukume kutoka kisogoni kuja mbele, ikivuka kichwa sio yako. Ya mtumba hapana, lile povu gumu la ndani linafanya kazi mara moja tu, likishabonyea kwa kishindo halirudi na kwa nje huoni kitu.

Mpwa wangu baada ya kubishana wiki nzima amekubali, Jumamosi anakwenda kuangalia moja ya 150 na mimi nitakuwepo. Kanipigia jana kuniuliza, mjomba, nimpigie yule muuzaji asubuhi nimwambie tuko njiani? Nikamwambia weee, thubutu. Tutafika kabla ya saa tuliyopatana, na glavu utavua mlangoni.

Ni mimi msomaji wenu, mwenye kovu.