Bunge likiitwa kikwazo, serikali inasimama juu ya nini?

Mhariri,

Naomba nafasi nisemee hii tabia ya viongozi wa serikali kuliongelea Bunge kama vile ni genge linalomzuia mwananchi asipate anachotaka, maana kwenye habari za kimataifa tunaisoma kila mara na inapita tu.

Chukua Kanada 2008. Uchaguzi wa Oktoba chama cha waziri mkuu Stephen Harper kilipata viti 143 kati ya 308, hakikufika nusu. Desemba upinzani ukakubaliana kumng'oa kwa kura ya kutokuwa na imani na kuunda serikali ya mseto, na kikatiba ni halali kabisa, manake kule hakuna anayempigia kura waziri mkuu, unampigia mbunge wako basi, halafu wabunge ndo wanaamua wataendelea na nani. Harper akatoka hadharani kulalamika kwamba jamaa wanataka madaraka bila ridhaa ya wapiga kura. Yeye ridhaa yake aliipata wapi kama sio kwa haohao wabunge? Lakini maneno yalikolea, na kusema ukweli upinzani nao walijiharibia, mseto wenyewe ulitegemea chama kinachotaka jimbo la Quebec lijitenge. Gavana Mkuu, yaani mwakilishi wa mfalme au malkia kule, akakubali ombi la Harper kusimamisha vikao hadi Januari, kura haikupigwa, mseto ukafa.

Uingereza 2019 ndo ukali ukazidi. Boris Johnson aliingia uwaziri mkuu Julai kwa kura za wanachama wa chama chake tu, akalisimamisha Bunge, Septemba Mahakama ya Juu ikasema kulisimamisha huko kulikuwa kinyume cha sheria, kesho yake Mwanasheria Mkuu Geoffrey Cox anasimama humohumo bungeni kuwaambia wabunge hili ni Bunge lililokufa. Sawa, Desemba walishinda uchaguzi tena vizuri tu, ila ile miezi walikuwa wanatawala kwa idhini ya chombo wanachokiita maiti.

Na maneno haya hayaishi na aliyeyasema. Rishi Sunak alipoingia uwaziri mkuu wa Uingereza Oktoba 2022 bila uchaguzi mkuu, akaambiwa hana ridhaa ya wananchi, wakati alipita njia ileile ya kikatiba.

Kwahiyo nyie wahariri, mkimnukuu waziri wa nchi ya namna hii anasema Bunge linakwamisha matakwa ya watu, ongezeni mstari mmoja kueleza serikali ya pale inapatikanaje. Nchi zinazomchagua rais moja kwa moja hesabu yake ni nyingine, msizichanganye.

Msomaji wenu