Madogo wanasema "ndiyo" kumbe hawajaelewa

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niongee na watu wenye kazi zao, hawa tunaolalamika kila siku eti vijana wa siku hizi hawajui kuongea, wakija kazini wanajibu mkato, wanaangalia chini, wanatuma meseji "nmechelewa" bila salamu wala sababu. Sawa, ni kweli, ila nani aliwafundisha? Shuleni wamefundishwa barua ya kuomba kazi, ile ya anwani mbili. Kumpigia bosi simu umwambie nimeharibu kitu, hilo halina kipindi.

Mimi ni mtu wa stoo, ualimu sijasomea. Mwaka sasa najitolea Jumamosi asubuhi, masaa mawili, kuwafundisha vijana wa miaka 15 hadi 18 kuongea kazini. Mwanzoni nilidhani shida yao ni aibu, kumbe shida ni hiyo "ndiyo". Unamwambia dogo panga maboksi kwa tarehe, ya zamani mbele, anaitikia ndiyo haraka haraka wakati hajaelewa, maana kwake kumuuliza mkubwa mara ya pili ni kama kumkosea adabu, basi anaenda anapanga kinyume na asubuhi yote imeliwa.

Kwa hiyo zoezi letu kubwa ni moja: nakupa maagizo, unanirudishia kwa maneno yako kabla hujaondoka. Wanacheka. Ndo nawapa kisa cha Tenerife, kisiwa cha Uhispania, Machi 27, 1977, ndege mbili kubwa za Boeing 747 ziligongana uwanjani wakafa watu 583, rubani wa moja alianza kuikimbiza ndege aruke akiamini karuhusiwa kumbe mnara wa kuongozea ndege ulikuwa haujamruhusu, na mpaka leo rubani akipewa ruhusa anairudia yote, hajibu "sawa" tu akaishia hapo. Sasa wa 747 anarudia, wewe wa maboksi unaona noma? Hapo wanatulia.

Zoezi lingine ni kukiri kosa. Mimi nakuwa bosi mkali, yeye kavunja kitu. Karibu wote wanaanza na hadithi ndefu ya nani alimsukuma, tunarudia mpaka aanze na kilichotokea, kisha anahitaji nini. Kuna binti alikaa kimya wiki tatu, ya nne akaniambia bosi unapiga kelele hata sijamaliza sentensi. Nikaenda nyumbani nalo hilo, maana stoo kwetu ndo nilivyo kweli.

Ombi langu, jamani njooni, fundi, nesi, dereva, karani, yeyote anayepokea maagizo na kuyatoa. Ila hotuba acheni nyumbani. Tumeshapata wageni wa kusimulia maisha yao saa zima, wanapiga picha na vijana halafu hawaonekani tena, na vijana wanajua, msidhani hawajui. Bora mtu wa mara mbili kwa mwezi anayerudi kweli. Na ukiulizwa wewe ni nani na wadhamini wako kina nani usinune, hawa ni watoto wa watu, wazazi wao lazima wajue wako na nani, na huko pembeni wawili wawili hakuna, tunafanyia wote mahali pamoja.

Jumamosi ijayo tuna zoezi la kupokea simu ya mteja aliyekasirika na sina wa kuwa mteja, mimi wameshanizoea, nikifoka wanacheka.

Mtu wa stoo