Arobaini ya Bibi, Jumamosi

Assalaam alaykum ndugu zangu. Hitma ya Bibi ni Jumamosi hii baada ya Alasiri, nyumbani kwake Pangani. Mnaotokea Bweni wahini pantoni, msije mkakwama ng'ambo. Juzuu zipo. Mchango wa mchele na mbuzi umetimia, msitume tena.

Shangazi ameutoa ule mkeka wa ukili ambao marehemu hakuuwahi kuumaliza. Sindano bado imechomekwa kwenye shupatu la mwisho. Tumekubaliana usimaliziwe. Utatandikwa palepale barazani alipokuwa akikaa, akituita wajukuu kwa majina ya baba zetu, akiyachanganya makusudi ili tucheke (mimi hadi leo najijua kwa jina la ami).

Mwenye picha zake aje nazo, hata zile alizofumba macho.