Barua ya wazi kwa Katibu Mkuu wa IMO: Aktiki isingoje 2029

Mheshimiwa Arsenio Dominguez,
Katibu Mkuu, Shirika la Bahari Duniani (IMO), London

Salaam kutoka Mombasa. Nimetumika chumba cha injini kwenye meli za mizigo miaka 19, na mafuta mazito nayajua kwa mkono na kwa pua. Yakipoa huganda kama lami. Usipoyapasha moto pampu haiyasukumi, na kabla hayajaingia kwenye injini tunayafikisha zaidi ya nyuzijoto 100. Ovaroli yakiidondokea, umeipoteza. Kwa hiyo nikisoma kwamba mafuta haya bado yanabebwa na kuchomwa katikati ya barafu ya Aktiki, bahari ya ncha ya kaskazini ya dunia, usingizi unaniruka.

Kusini, kwenye bahari ya Antaktika, shirika lako liliyapiga marufuku tangu Agosti 2011, kuyatumia na hata kuyabeba. Kule hakuna wenyeji wa asili; wapo watafiti na pengwini. Kaskazini kuna watu. Wainuit, wenyeji wa asili wa Greenland, Kanada na Alaska, huwinda sili juu ya barafu na kuvua samaki kulisha watoto wao. Kwao marufuku ilipitishwa 2021, ikaanza 1 Julai 2024, nayo ikaachwa na matundu mawili mapana. Meli ambayo matangi yake ya mafuta yamekingwa kwa ukuta wa pili imeachiwa hadi 1 Julai 2029. Nchi yenye pwani ya Aktiki nayo yaweza kuzisamehe meli za bendera yake, zikiwa kwenye maji yake, hadi siku hiyohiyo. Kwenye Njia ya Bahari ya Kaskazini, inayofuata pwani ya Urusi, meli za bendera ya Urusi ndizo nyingi. Msamaha huo si wa meli mbili tatu.

Ukuta wa pili unafaa meli ikigonga mwamba. Kwa masizi haufai kitu. Yanatoka kwenye bomba la moshi, yanatua juu ya theluji, theluji inakuwa nyeusi, inanyonya jua na kuyeyuka upesi. Mwaka 2021 mliwasihi wenye meli watumie mafuta safi zaidi huko kwa hiari. Hiari! Mimi sijaona mwenye meli aliyenunua mafuta ya bei ya juu kwa kuwa amesihiwa.

Kuna jambo la kisheria linaloniumiza zaidi. Kifungu cha 234 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, wa 1982, kinaipa nchi ya pwani mamlaka ya kuweka masharti makali ya kuzuia uchafuzi ndani ya ukanda wake wa uchumi, yaani eneo la bahari mbele ya pwani yake ambalo ina haki nalo, mahali ambapo barafu imeifunika bahari sehemu kubwa ya mwaka. Mamlaka hayo yamefungwa kwenye barafu. Septemba 2012 barafu ya bahari ya Aktiki ilishuka chini ya kilomita za mraba milioni 3.5, na tangu hapo haijarudi ilivyokuwa zamani. Maji yakikaa wazi miezi mingi, wakili wa kampuni yoyote atasimama mahakamani aulize barafu iko wapi. Yaani ulinzi utalegea wakati uleule meli zinapoongezeka. Ndiyo maana mzigo unawaangukia ninyi. MARPOL, mkataba wenu wa kuzuia uchafuzi wa meli, na Kanuni za meli za maeneo ya ncha, zilizoanza kazi Januari 2017, zinafuata mstari uliochorwa kwenye ramani. Mstari hauyeyuki.

Julai 2020 meli ya Wakashio ilipanda mwamba huko Mauritius, kwenye Bahari ya Hindi hii hii yetu, zikamwagika tani kama 1,000 za mafuta. Wananchi walishona maboya ya majani ya miwa, wengine wakakata nywele zao zitumike kuyanyonya. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, mikono ilikuwa mingi, ufuo ulikuwa karibu. Sasa yafikirie mafuta hayo chini ya barafu, Desemba, jua halichomozi, na bandari yenye vifaa iko safari ya siku kadhaa. Nani atashona boya huko?

Najua huna kura. Kura ni za nchi, na yangu ikiwemo. Lakini wewe unaonana na mawaziri wao. Waambie 2029 isisogezwe hata siku moja. Wanaotoa msamaha waombe wauache mapema: Norway iliyapiga marufuku mafuta haya kwenye maji ya Svalbard, visiwa vyake vya Aktiki, tangu Januari 2022, na meli bado zinakwenda. Suala la masizi nalo litolewe kwenye hiari, liwe sharti lenye adhabu.

Na jambo moja la mwisho. Baraza la Wainuit lilipewa kiti cha ushauri kwenu mwaka 2021. Siku suala hili litakaporudi mezani, wao wapewe maikrofoni kabla ya wenye meli.

Wako kwa heshima,
Fundi mitambo mstaafu wa meli,
Mombasa