Mheshimiwa Waziri, usiku wa anayeuguza nao ni kazi

Kwako Mheshimiwa Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum,

Nakusalimu kwa heshima kutoka Hai, Kilimanjaro. Ni saa tisa usiku, naandika kwenye simu kwa mkono mmoja. Ule mwingine nimeufunga kwa kanga na mkono wa mama, ili akiinuka niamke. Juzi usingizi ulinizidi kabla sijaufunga, nikaja kumkuta kihambani na mundu, anamkatia majani ng'ombe tuliyemuuza zamani. Nilipomwambia ng'ombe hayupo, alilia kama ameuzwa siku ileile.

Mchana husinzia, giza likiingia ndipo anapochangamka. Tulikokwenda mara ya kwanza kutibiwa tuliambiwa ni uzee tu. Si uzee tu, Mheshimiwa. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika hapahapa Hai, katika vijiji sita, kwa wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi. Asilimia 6.4 walikuwa na ugonjwa huu wa kupoteza kumbukumbu, hesabu ya umri ikishasawazishwa. Mimi nikisoma hivyo naona nyumba ambazo taa haizimwi.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 ugonjwa huu uliigharimu dunia dola trilioni 1.3, na karibu nusu yake ni kazi ya ndugu na marafiki wanaouguza, wastani wa saa tano kwa siku. Asilimia 70 ya saa hizo ni za wanawake. Ningepata saa tano tu za kuuguza ningeshukuru! Mimi ni fundi cherehani. Mwezi uliopita nilisinzia nikiwa nashona, sindano ikapita kwenye ukucha, na mwenye kazi akachukua vitambaa vyake akampelekea mwingine. Hasara hiyo haimo kwenye bajeti yoyote.

Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 iliitaja familia kuwa ndiyo msingi wa matunzo ya mzee. Sikatai, mama yangu simwachi. Ila huku kijijini hiyo familia ni mtu mmoja, mara nyingi binti, na hana wa kumpokea.

Ombi langu ni hili. Kaa na mwenzako wa Afya. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao ulizinduliwa Januari 2024, wakifika kwa mzee wa namna hii wamuulize na anayemuuguza: jana umelala kwa muda gani? Kisha tengeni posho, hata ndogo, kwa jirani aliyefundishwa kukesha na mgonjwa usiku miwili kwa wiki. Kina mama wa kuifanya kazi hiyo wapo, nawafahamu. Mimi nikipata usiku hiyo miwili, nitamaliza sare za shule ambazo kitambaa chake nimekopa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi cherehani, Hai